Aliyekikataa Kibao cha Mtaa Wetu

Jumatatu, 6 Februari 2023
Fomu ya baraza la jiji imefika. Swali ni lilelile: unataka jina la mtaa wako liandikwe kwa Kiayalandi pia, pamoja na Kiingereza? Ndiyo au hapana. Nimeitazama, kichefuchefu kikanipanda. Si dawa za moyo. Kichefuchefu hiki nakijua.

Daktari kanipa majuma machache. Yanatosha.

Jumatano, 8 Februari
Mtaa wa pili kibao chao cha lugha mbili kimekatwa kwa msumeno wa umeme. Kimebaki kigutu cha nguzo! Gráinne, mwenyekiti wa kamati yetu ya Kiayalandi, alikuja hapa akifoka. Washenzi, akasema. Watu wazima wanaogopa herufi!

Kisha akaukata jicho ukuta wa jirani yangu, Wesley Purdy.

"Na huyo wako, Mwalimu, tunamjua. Safari hii akatae mpaka achoke. Sheria imebadilika, kura tano tu zinatosha."

Nikamwacha aende zake na maneno hayo.

Alhamisi, 9 Februari
Niandike basi, nife nimeandika.

Mwaka 2011 tulikuwa watu wazima ishirini na saba mtaani. Zilitakiwa theluthi mbili, kura kumi na nane. Asiyerudisha fomu alihesabiwa amekataa — hila chafu, na mimi ndiye niliyeilaani kwa sauti kubwa zaidi. Tukapata kumi na saba. Pungufu ya kura moja! Wapangaji wa muda hawajazi kitu, hilo tulilijua. Watu wakamgeukia Wesley, wa nyumba pekee ya Kiprotestanti mtaani; Waprotestanti wengi hapa hawakitaki Kiayalandi. Nani mwingine?

Miaka kumi na miwili hasalimiwi. Gari lake lilichorwa kwa msumari. Mkewe, Hazel, alipokufa, katika mtaa mzima tulikwenda kuzika watatu tu.

Ni mimi. Mimi niliyefundisha Kiayalandi miaka thelathini na minane, nikaandamana mvuani na bango shingoni! Majuma mawili kabla ya kura, kamati ilinivua uenyekiti, ikampa Gráinne. Mtu akacheka, eti Kiayalandi changu kinanuka chaki. Kwa hilo tu! Fomu yangu nikaisukumia kwenye droo ya jikoni, chini ya visu. Hata kuandika "hapana" sikuthubutu. Nikaiacha ioze.

Haikuoza. Bado imo.

Jumapili, 12 Februari
Wesley kaleta supu ya shayiri na mkate wa magadi, kama kila Jumapili.

"Bado hujafa, Mwalimu?"

"Nasubiri supu."

"Basi nitakuwa naichelewesha."

Siku hizi anasoma Kiayalandi, Jumanne jioni, kanisani kwao. Ana miaka sabini na minne! Kanipa daftari nimsahihishie. Mwandiko safi, makosa mawili. Halafu, akiosha bakuli, akasema tu: kwenye kura ile ya 2011 alijibu ndiyo. Hakumwambia mtu. Wangesema anajikomba.

Nikamsifu kwa daftari. Kinyaa gani hiki mimi!

Jumatatu, 13 Februari
Wesley alikuja kunijazia fomu. Akakaa, akafungua kalamu yangu. "Ndiyo, si ndiyo, Mwalimu?"

Nikamwambia afungue droo kwanza. Chini ya visu.

Akaitoa. Tupu, jina langu juu, mwaka 2011. Akaisoma mbele na nyuma, kana kwamba kungekuwa na jambo jingine. Hakupiga kelele. Heri angepiga.

"Ulibeba jeneza la Hazel," akasema. "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akatoka. Kalamu kaondoka nayo. Naandika kwa penseli. Fomu mpya iko mezani, haijajazwa.

Namwona dirishani. Yuko langoni kwake, mvuani, bila kofia, karatasi ile mkononi. Gráinne anateremka mtaa akikusanya fomu za watu. Kampita Wesley bila kumtazama, kama siku zote. Anakuja kwangu.

Wesley kamwita kwa jina. Gráinne kasimama, macho kwenye karatasi ile —