Laza Ngoma ya Baba

Mkolani,
Mwanza.
14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Maige,

Nimeandika "mpendwa" kwa sababu ndivyo barua inavyoanza na ndivyo tulivyofundishwa shuleni. Usilichukulie neno hilo zaidi ya hapo. Shikamoo yako sijaisikia tangu Pasaka, kwa hiyo naiitikia bila kuisikia: marahaba.

Habari za Ujerumani? Kokulinda mkeo hajambo? Watoto wanaendeleaje na shule? Natumaini wote ni wazima na baridi haijawaanza. Huku mimi ni mzima, cherehani inanilisha, mvua bado hazijashuka na vumbi la Mkolani limeingia mpaka kwenye vitambaa vya wateja. Binti yangu Rebeka yupo nyumbani anangoja kwenda chuo. Baba si mzima, na ndiye aliyenikalisha niandike.

Najua utashangaa kupata karatasi. Simu zangu hupokei. Za Wasapu unasoma, tiki zinageuka bluu, halafu unanyamaza kama mtu asiye na dada. Karatasi angalau utaishika, na ukitaka kuitupa itakubidi unyanyuke kitini.

Baba tulimtoa kijijini tukamleta kwangu kwa ajili ya kile kidonda cha mguu. Sukari imemshika vibaya. Safari yenyewe haikumsumbua, siku hizi pale Busisi tunapita darajani, hakuna tena kukaa juani kungoja kivuko. Daktari akataka awe anafika hospitali kusafishwa kidonda, na Baba akakubali. Alikuwa anakwenda bila kusukumwa, anataniana na manesi, anarudi anadai chai. Mguu ukaanza kukauka. Ndipo ikaja picha yako.

Unaijua picha ninayoisema. Umevaa suti, umesimama ndani ya makumbusho ya mji wenu, mkono juu ya kioo, meno yote nje. Ndani ya kioo ipo ngoma yetu. Rebeka alifurahi, akampelekea babu yake simu amwone mwanawe alivyopendeza. Baba aliitazama muda mrefu. Hakukutazama wewe. Alirudisha simu, akauliza wamemzika nani.

Mimi nilikuwa natunga uzi kwenye sindano. Nikaichukua ile simu nione kulikoni. Ngoma imesimama, Maige. Imesimama wima, mdomo juu, vilevile inavyosimamishwa mlangoni kwetu siku mwenye nyumba, mume au mke, anapokata roho.

Usiniambie hukujua. Mzungu wa makumbusho hajui, na simlaumu. Ameletewa chombo, akakiweka kinavyopendeza machoni pake. Wewe umezaliwa nyumba ile. Unajua ngoma ile inalala ubavu darini, juu ya moshi wa jiko, mwaka nenda mwaka rudi, haitoki kwa harusi wala kwa mavuno. Ina kazi moja tu. Mama alipofariki ni mimi na wewe tulioishusha na kuisimamisha. Ulilia mpaka shangazi Odeta akakushika mabega. Tulipotoka kaburini tukailaza tena, mikono yako na yangu. Leo umesimama kando yake unachekea kamera, na baba yako bado anapumua.

Tena uliichukua kwa uongo. Ulipiga magoti mbele ya Baba ukasema unaipeleka kwa wataalamu wakaze ngozi, kisha itarudi. Ukaifunga kwa shuka la kitanda chake mwenyewe, ukavuka nayo. Mpaka leo mzee hulala na shuka moja, la pili anasema litarudi na ngoma. Juzi Rebeka amenisomea maneno mliyobandika chini ya kioo: ngoma ya sherehe za mavuno, zawadi ya familia. Familia gani? Mimi nilikaa kikao hicho wapi? Na hayo mavuno uliyatoa wapi, au uliona msiba hautawachangamsha wageni wako?

Najua utakalojibu, maana uliwahi kuniandikia. Kwamba mchwa wangeila, kwamba huko wanapima hewa na unyevu, kwamba vitu vya kale vinahitaji ujuzi. Ngoma ile ilikaa kwenye moshi tangu enzi za babu yake babu na hakuna mdudu aliyeithubutu. Sina ugomvi na makumbusho. Hata huku kwetu zipo ngoma zimehifadhiwa vizuri, watoto wa shule wanapelekwa kuziona, na wanaozitunza huuliza wenyewe kabla ya kuzigusa. Hao wa kwako hawakuuliza kwa sababu walidhani wamekwishampata wa kumuuliza.

Sasa sikiliza ulichofanya. Tangu siku ile Baba amekataa hospitali. Anasema mtu aliyekwisha kuliliwa hasafishwi kidonda. Hagombi, halii, anasema taratibu kama mtu anayekueleza njia. Shangazi Odeta ametoka Sengerema kuja kumbembeleza, akatoka chumbani anafuta macho kwa kanga. Mguu umeanza kunuka tena. Daktari ameniambia bila kuzunguka kwamba tukichelewa wataukata, na tukichelewa zaidi hata kuukata hakutasaidia.

Rebeka alitaka kuichezea ile picha kwenye simu ionekane ngoma imelala. Nilimkatalia. Baba umeshamdanganya vya kutosha, huhitaji wasaidizi.

Sikuombi uirudishe. Hayo nitayadai siku nyingine, na nitayadai kweli. Ninachotaka leo ni uende pale makumbusho uwaambie wailaze. Waeleze ukweli wote, ikibidi uaibike basi aibika. Ilazwe ubavu, kama kule darini. Ukishaona imelala piga picha, wewe usiwemo, utume kwenye simu ya Rebeka. Baba akiiona imelazwa naye hajazikwa, atajua aliyeliliwa si yeye, na siku hiyohiyo nitampeleka hospitali hata kwa kumbeba mgongoni. Ni kazi ya watu wawili na haimalizi asubuhi moja. Sijui kama umewahi kuombwa na mzazi wako kitu kidogo kuliko hicho, na yeye mwenyewe hata hajakiomba. Ninakiomba mimi.

Nisalimie sana Kokulinda, mwambie kitenge chake nimemaliza kukishona, nitakituma nikipata mtu. Wabusu watoto kwa niaba ya babu yao, kwa kuwa yupo. Shangazi Odeta anamsalimu mkeo na watoto. Nilimuuliza kama nikuandikie na wewe salamu, akaendelea kupepeta mchele.

Na ukikaa kimya kama kawaida yako, elewa hivi. Baba akifumba macho sitakupigia simu. Rebeka hatakuandikia, Shangazi hatakutafuta, na tiketi ya ndege usijisumbue kukata. Taarifa ya msiba unayo tayari huko uliko. Umeisimamisha mwenyewe, ukapiga nayo picha.

Mungu akulinde, na akupe haya.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja, ninayekupenda hata leo ambapo sitaki,

Teodora