Nyusi za Njano

Albina, nimekwisha! Nimejifungia stoo, mume wangu Silvanus yuko mlangoni.

Si ile hadithi ninayoandika, ya mwanamke mwenye nguruwe pori na mlinzi kifuani? Nguruwe anamvuta kwa mwanaume wa nje, mlinzi anamrudisha kwa mumewe. Leo nikajitia kumsomea Silvanus. Alikuwa anacheka kabisa!

Nikafika pale huyo mwanaume anapotokea mikoroshoni, nyusi zimekuwa njano kwa vumbi la dawa ya salfa.

Kicheko kikakatika. "Winfrida, anayetupulizia mikorosho ni Faridi."

Nikamwambia ni mafumbo tu, nguruwe ni tamaa, mlinzi ni akili.

"Sawa. Na Faridi ni nini?"

Jina nilibadilisha, nyusi nikaziacha! Nyusi, Albina!

Hata hafoki. Anagonga taratibu: "Toka unisomee mwisho. Nani kashinda?"

Na mwisho niliuandika jana, niliporudi kutoka kwa Faridi kule Mandawa.