Kabirangi ya Juu, Kabirangi ya Chini

Jumatatu, 3 Novemba

Zamu ya asubuhi kwenye makao ya wazee. Evere, mvua nyembamba. Nimemwogesha Madame wa chumba cha pembeni, amenikwaruza mkono tena. Simlaumu. Anadhani naiba shuka zake.

Saa ya kahawa Annick, tunayefanya naye zamu moja, alikuwa na simu mkononi. Hana ubaya, alikuwa tu hana la kufanya. Akaandika jina langu la ukoo kwenye mtandao. Kabirangi. Akasoma kwa sauti, wenzetu wakisikiliza. Golikipa wa zamani wa Kinshasa. Mbunge fulani, marehemu. Mpiga gitaa. Kilima katika nyanda za juu za Kivu. Kilima kingine katika nyanda hizohizo. Kijito.

"Na wewe uko wapi hapa?" akaniuliza.

Wakacheka. Nami nikacheka. Baadaye nilikwenda kukaa kwenye stoo ya taulo, mlango nimeufunga.

Vilima viwili. Maisha yangu yote nimejua kimoja.

Jumanne, 4 Novemba

Jambo hili sijawahi kuliandika popote. Naliandika.

Ukoo wa Kabirangi haupo. Vita vilipopanda hadi kwetu tulikimbia. Nilikuwa na miaka saba, au karibu. Njia ya kushuka ziwani ilijaa watu, mkono wa mama ukanitoka. Mwanamke nisiyemjua alinibeba mgongoni hadi kwenye mtumbwi. Ng'ambo, kambini Kigoma, karani aliniuliza: wewe ni wa nani? Nikasema: wa Kabirangi. Mimi nilimwambia ninakotoka. Yeye akaandika jina la baba.

Jina la baba sikulijua. Nyumbani aliitwa Baba Amani. Mama, Mama Amani. Amani ni kaka yangu. Mimi nilikuwa Riziki tu, na pale juu kila mtu alijua ni Riziki yupi.

Nikasoma kambini, nikakua, Kiswahili changu kikawa cha Watanzania. Wakongo wa hapa wananitania kwa hilo. Kisha Ubelgiji. Jina likaja nami. Liko kwenye kengele ya mlango wangu.

Nimetafuta. Kupitia shirika la watu waliopotezana, tena na tena. Amani Kabirangi. Mama yake Amani Kabirangi. Kila mara jibu ni lilelile: bado.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimepitia kwa Maman Josée kununua sombe, majani ya muhogo. Duka lake hapa Saint-Josse ni chumba kimoja, samaki wa chumvi upande mmoja, vitenge upande mwingine. Alikuwa anabandika tangazo kwenye kioo.

KABIRANGI. Gitaa na sauti. Jumamosi, tarehe kumi na tano, ukumbi wa parokia, Ganshoren.

Nikakisogelea kioo. Amani alikuwa na gitaa la kopo la mafuta, nyuzi zake waya wa breki ya baiskeli. Alilipiga mpaka baba akatishia kulitia motoni.

Maman Josée aliniona. "Riziki, ule ni ndugu yako?"

"Sijui, maman."

"Namna gani hujue? Si jina ni moja?"

Kwenye picha kofia imemfunika macho. Midomo inaonekana. Niliitazama midomo mpaka wateja wakaniomba nisogee. Nimetoka bila sombe.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimesikiliza muziki wake wote nilioupata. Anaimba Kiswahili cha kwetu, kile nilichokipoteza. Sauti ya mtu mzima. Siwezi kujua. Mara ya mwisho kumsikia Amani, sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Hakuna mahali walipoandika jina lake la kwanza.

Jumanne, 11 Novemba

Sikukuu. Nimefanya kazi, wazee hawana sikukuu. Nimeimba nikimkausha Madame nywele, hakunikwaruza. Annick ameniuliza nina nini. Nikasema sina kitu. Ninacho. Nina furaha na ninaogopa kuwa nayo.

Nimenunua blauzi ya bluu. Sijui kwa nini bluu. Nafanya mazoezi ya kusema sentensi moja tu, ya kwanza. Kila nikiisema inatoka kama naomba kazi.

Ijumaa, 14 Novemba

Kesho. Nimepika, nimeshindwa kula.

Jumamosi, 15 Novemba

Si yeye.

Niandike kwa utaratibu. Basi hadi Ganshoren. Mitaa mitulivu, uzio wa miti iliyokatwa sawasawa, hakuna mtu nje. Ukumbini Wakongo na watoto wao, nyuma wazee wachache wa Kibelgiji waliowahi kuishi kule. Mmoja akanisalimu kwa Kiswahili cha zamani, cha amri, halafu akaona haya. Nilikaa safu ya mbele.

Akatoka. Akavua kofia kusalimu watu. Kijana. Hajafika hata thelathini. Amani angekuwa anaikaribia arobaini.

Kitu kilishuka ndani yangu kama ndoo inapokatika kamba. Nilitaka kuondoka, ila nilikuwa katikati ya safu, na tayari alikuwa ameanza kupiga. Anapiga vizuri. Hilo liliniudhi.

Mwishoni nikamfuata hata hivyo. Alikuwa anakunja nyaya. Nikasema ile sentensi, kwa kuwa nilikuwa nimeshaiandaa: "Naitwa Riziki Kabirangi."

Akacheka kwa upole, akaniita yaya, dada mkubwa. "Bon, yaya, ile haiko jina ya muntu. Mimi niliichukua juu ya muziki. Ku carte yangu niko Déo, na jina ingine. Weye uliitosha wapi?"

Nikamweleza. Mtoto, karani, "wa Kabirangi". Alipoelewa aliacha kukunja nyaya.

"Kabirangi gani? Ya juu ao ya chini?"

Sikujua. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Akataka nimwambie ninachokumbuka. Nikasema ukungu. Viazi. Moshi wa mikaratusi. Akatikisa kichwa, hivyo viko pande zote mbili. Nikafikiri. Nikasema kengele ya shule ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa kwa mnyororo. Gari lenyewe hatukuwahi kuliona kwetu, wanaume waliipandisha rimu mabegani.

"Donc ni ya juu," akasema. "Chini walikuwaka na kengele ya kanisa. Ile rimu iko mpaka leo. Nami niliisomeaka."

Kwenye basi nilirudia peke yangu: ya juu. Mama yake Déo ni wa kulekule, sasa anaishi Uvira. Kabla sijatoka ukumbini, Déo alisema atamuuliza. Akataka kujua mama yangu ni nani. Nikasema Mama Amani.

"Ba Mama Amani ni bengi, yaya."

Amechukua namba yangu.

Jumapili, 16 Novemba

Sikwenda misani. Namchukia yule kijana. Hajanikosea. Namchukia kwa kutokuwa Amani, na kwa kuwa na mama wa kumpigia simu kumuuliza jambo.

Blauzi nimeikunja nikaiweka chini kabisa.

Jumanne, 18 Novemba

Hajapiga. Kazini simu zinakatazwa. Yangu iko mfukoni mwa aproni, naigusa kila ninapotoka chumba cha mtu. Madame amenishika mkono leo, ameng'ang'ania, ameniita kwa jina la binti yake. Nikaitika. Nilitaka kujua kunakuwaje.

Jumatano, 19 Novemba

Nilikuwa nje ya makao, kituo cha tramu. Namba ya Kongo. Sauti ya mama mtu mzima, kubwa, kama anaita mtu ng'ambo ya bonde.

"Ni mama ya Déo. Weye njo Riziki?"

"Ndiyo, mama."

"Nyumba yenu ilikuwa wapi na masomo?" Shule, anamaanisha. Nikasema chini ya shule, mlango unatazama mteremko. Akauliza nani alikaa jirani. Nikasema bibi mmoja aliyesuka vikapu, mguu wake mmoja mbovu.

"Ule bibi alikuwa shangazi yangu," akasema. "Alors, weye ni mutoto wa Balungwe. Riziki Balungwe. Ule walipotezaka ku njia ya ziwa."

Ndivyo nilivyolijua jina la baba yangu. Kituoni, watu wakisubiri tramu, mwanafunzi mmoja akila mkate karibu yangu.

Baba hakufika ziwani. Mama na Amani walifika, wakarudi juu vita vilipotulia. Na mama alinitafuta. Kila siku ya soko alishuka chini kuwauliza waliorudi kutoka Tanzania: hamkumwona Riziki Balungwe? Aliwapa watu wa shirika jina hilo, nao waliliandika. Riziki Balungwe.

Mimi nilimtafuta kwa jina la kilima. Yeye alinitafuta kwa jina la baba. Miaka hii yote. Majina mawili yalipishana njiani, hayakusalimiana.

"Alikuwaka anashuka hata na mvua," mama Déo akasema. "Tunamukataza, anashuka."

Nilisikia alivyolisema, alikuwaka. Nikauliza kama bado yuko hai.

"Alikufaka, mwanangu. Sasa mvua ine zimepita. Hakuteseka mingi. Amani iko. Iko analima palepale."

Tramu ilikuja, ikaondoka. Ikaja nyingine. Yule mwanafunzi alinipa leso ya karatasi, akapanda.

Alhamisi, 20 Novemba

Sikwenda kazini. Balungwe. Nimelisema mbele ya kioo. Linanikaa kama koti la kuazima.

Nina hasira. Kwa karani, ambaye labda alikuwa amechoka. Kwa kilima. Kwa kila jibu la "bado" nililolipokea hapa nikiwa nakunywa chai, wakati mama yuko kwenye matope ananiulizia kwa wapita njia.

Mvua nne, yaani miaka minne. Nilikuwa nimeshafika hapa. Nilikuwa na simu.

Jumamosi, 22 Novemba

Nilikwenda kwa Maman Josée kununua unga. Akauliza habari za ndugu mwanamuziki, nikamweleza yote nikiwa nimesimama kwenye foleni. Akafunga duka. Jumamosi mchana, wateja wakiwa mlangoni, akafunga.

Nikasema mama amekufa siku nyingi. Akasema kwangu amekufa wiki hii. "Mama humulilie peke yako, Riziki. Haiko vile."

Akaita wanawake wa kanisa. Walikuja na viti, na sufuria. Tulikaa nyuma ya duka, kati ya magunia. Hakuna aliyemjua marehemu, na walimlilia. Wakataka niwaambie alikuwaje. Sikuwa na mengi. Nikasema mikono yake ilikuwa na nyufa kwa sababu ya udongo, na alikuwa akitusugua nayo mgongoni tukioga, inakwaruza, inapendeza. Nikasema alicheka kwa kufunika mdomo. Kumbe ninayo mawili matatu.

Déo alikuja na gitaa lake. Hakuimba nyimbo zake, aliimba za kanisa. Simchukii tena.

Jumanne, 25 Novemba

Annick ameniomba radhi kwa siku ile ya kahawa. Sijui nani amemwambia. Nikamwambia bila yeye nisingejua kuwa vilima ni viwili. Amelia yeye, nikambembeleza mimi. Tukachelewa kugawa dawa za saa nne.

Déo amepiga. Amani amepelekewa habari na mtu wa soko. Hana hakika. Amesema kuna watu wanaojifanya ndugu, na mama alidanganywa mara nyingi. Jumapili atapanda mahali penye mtandao, anipigie. Atauliza swali.

Nimeogopa kuliko nilivyoogopa Ganshoren. Huyu ndiye. Ni mimi ninayeweza kuwa siye.

Jumamosi, 29 Novemba

Nimefua mapazia. Nimepanga kila ninachokumbuka, mlango, jiko, kitanda cha mianzi. Vinanipotea nikivitazama.

Jumapili, 30 Novemba

Amepiga baada ya misa. Picha haikuja, sauti tu, na upepo. Sauti nzito, ya taratibu. Sikuitambua hata kidogo. Alinisalimu kama anavyosalimiwa mgeni.

Kisha akauliza: "Imbwa yetu ilikuwaka na jina gani?"

Sikukumbuka. Sikukumbuka hata kama tulikuwa na mbwa. Nilitafuta kila mahali kichwani, hakuna mbwa. Yeye alingoja. Nilisikia anavyohema. Nikajua anajiandaa kukata simu.

Nikasema, "Mbwa simkumbuki. Nakumbuka wewe uliogopa bata."

Hakukata.

"Bata wa yule bibi wa vikapu," nikasema. "Ulikuwa unanituma mimi mbele."

Halafu akaanza kucheka, kicheko kikapanda, kikakatika, na nikasikia analia, si kama mtu aliyezoea kulia. Ningeweza kukaa hivyo hadi kesho, nikisikiliza upepo wa kwetu ukipiga kwenye simu yake.

Akauliza kama huku kuna baridi. Nikasema ipo. Akauliza kama ya kule. Nikasema inazidi. Akasema nivae. Alisema kaburi la mama liko pazuri, linaonekana kutoka mlangoni, na miti amepanda yeye. Aliniita Riziki, si jina lingine lolote nyuma yake.

Mvua ilikuwa inashuka kule, ikabidi ateremke kabla njia haijateleza. Amesema atapanda tena Jumapili ijayo.

Nimevaa sweta la pili. Nimechemsha chai, nimeweka sukari nyingi. Nje watoto wa jirani wanacheza mpira ukutani, dum, dum, na leo sijafungua dirisha kuwafukuza.