Herufi za Ukutani

Dada yangu,

Huku hatujambo. Wifi yako amepaka sebule rangi mpya, nami nimeisifu sana bila kujua ni rangi gani.

Unakumbuka nilivyomwambia Mama kwamba retina za macho yake zimekufa na hakuna dawa? Nikaita mgonjwa mwingine hapo hapo. Sasa ni zamu yangu. Kila asubuhi nilikuwa najipima kwa ubao wa herufi pale kliniki, napata zote. Daktari mzima! Miaka ishirini na sita nimeutazama ubao ule. Kumbe nilikuwa nimeukariri.

Jumatatu nesi alibandika ubao mpya bila kuniambia. Nikamwonyesha mgonjwa namna ya kusoma, kama kawaida yangu, nikataja herufi zote za zamani. Mgonjwa akacheka, akidhani ni utani. Nesi hakucheka.

"Daktari," alisema taratibu, "hebu kaa kwanza."

Upasuaji nimeacha. Nawe kapimwe, dada, ugonjwa huu unarithiwa. Nenda kwa mwingine, si kwangu.

Picha ya Mama ipo hapa mezani. Nikitazama pembeni, namwona. Nikimtazama usoni, anafutika.

Mdogo wako,
daktari wenu wa macho