Nukta Nyeupe Kwenye Mtutu

Jumatatu, 3 Juni

Mkuu mpya wa kituo chetu cha askari wa wanyamapori kabandika tangazo. Mtihani wa shabaha ni Ijumaa, na si asubuhi kama miaka yote. Ni jua likishazama! Anasema chui hawaji mchana kula mifugo ya watu. Ni kweli, na ndicho kinachoniuma. Risasi tano, hatua mia, tatu ziingie kwenye duara. Ukishindwa unahamishiwa getini kuinua kizuizi, na nyumba ya kituo unaiacha.

Nyumba! Mama mkwe, watoto watatu, mume wangu na cherehani yake. Wote wanalala hapa kwa sababu ya jicho langu la kulia.

Jicho lenyewe lina miaka arobaini na nane. Mchana halina neno. Jioni, kile kichuma cha kulengea, cha mbele juu ya mtutu, kinapotea kabisa. Cheusi ndani ya weusi. Leo kabla ya kurudisha bunduki ghalani nilipita uani nikajaribu bila risasi. Mama mkwe akauliza namlenga nani. Nikamwambia kuku wa jirani. Akasema nisimkose.

Jumanne, 4 Juni

Nimeiba rangi ya kucha ya binti yangu. Nyeupe. Tone moja kwenye ncha ya kichuma, kwa njiti ya kiberiti. Mchana inang'aa. Jioni imekuwa kijivu, sioni kitu. Nikaongeza tone la pili.

Kuchezea bunduki ni kufukuzwa kazi, siyo kupelekwa getini. Kwa hiyo kabla ya kuirudisha naipaka masizi ya sufuria, Kufuli akikagua asiione. Kufuli ndiye mtunza ghala. Hata mkewe humwita hivyo.

Jumatano, 5 Juni

Tone la tatu, halafu la nne. Sasa naiona! Imekaa mbele ya jicho kama punje ya wali. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepiga risasi tano uwanjani. Zote chini. Shubiri nzima chini ya nilipolenga, lakini zimekaa pamoja vizuri, kwa hiyo mkono ni mzima. Nimekaa chini nikafikiri hadi nikaelewa: rangi imekuwa tonge, imekipandisha kichuma. Ili nukta ikae sawa na kipengo cha kulengea cha nyuma, mtutu wenyewe unainama.

Ningekwangua nibakize utando mwembamba. Ndivyo angefanya fundi. Lakini utando mwembamba siuoni, na mtihani ni kesho. Basi nalenga juu. Nikitaka kifua cha chui, naweka nukta kwenye paji la uso wake. Nimerudia mara ishirini bila risasi.

Ijumaa, 7 Juni

Nne kati ya tano! Mkuu kanipa mkono mbele ya wote. Shemeji — mdogo wake mume wangu, nafanya naye zamu, anakula na kuoga kwetu — kapata tatu kwa taabu, halafu usiku akawa anamwambia mama yake kwamba mimi nina macho ya bundi. Nilicheka nao.

Jumanne, 11 Juni

Chui kamjeruhi mchungaji nyuma ya kilima. Kibali cha kumuua kimetoka.

Bado sijakwangua. Kila siku nasema kesho. Nimezoea kulenga juu, mkono unajiendea wenyewe. Na kwa nini nikwangue? Hapa kila askari na bunduki yake, namba iko kwenye kitako, na Kufuli hampi mtu ya mwenzake hata umlilie. Kumi na saba ni yangu. Hakuna atakayeigusa.

Jumamosi, 15 Juni

Siku yangu ya mapumziko. Nilikuwa naanika nguo saa kumi na moja jioni, shemeji akapita na Mkuu wakielekea kumvizia chui kwenye zizi nyuma ya kilima. Begani ana kumi na saba.

Ya kwake imevunjika pini ya kufyatulia. Kufuli alikataa kumpa nyingine, wakabishana, Mkuu akamwamuru. Shemeji akaniinulia bunduki. "Shemeji, leo nimeazima macho yako." Mkuu akacheka.

Nilitaka kumvuta kando. Neno moja tu: lenga juu. Lakini Mkuu alikuwa ubavuni pake, angeuliza kwa nini. Nikasema nendeni salama. Ndicho nilichosema, kwa mdomo wangu huu. Nikaendelea kubana nguo kwenye kamba!

Saa kumi na mbili kasoro robo. Simu ya shemeji haipatikani, kule hakuna mtandao. Iko redio ya kituo, mlango wa tatu kutoka hapa. Nikiongea, Mkuu anasikia, doria zote zinasikia, Kufuli anasikia. Kesho tunafunga mizigo. Na chui aliyepigwa mguu badala ya kifua hakimbii, anamjia mtu. Hilo nalijua kuliko wote.

Labda hatatokea leo. Labda masizi yamebaki, shemeji haioni nukta, analenga kwa kukisia. Nasema upuuzi. Naogopa na najionea aibu.

Mama mkwe kaingia na chai. Kauliza mwanawe atarudi saa ngapi, amwekee maji ya kuoga. Nimemwambia hatachelewa.

Saa kumi na mbili na robo. Dirishani bado naona kilima, miti siioni tena. Naenda. Nimalize tu mstari huu nijue nitasema nini: kumi na saba inapiga chini, kosa ni langu, lenga

Mlio wa risasi.

Mmoja tu, Mungu wangu, mmoja unatosha, uwe umetosha.

Wa pili. Wa tatu. Mama mkwe kasimama mlangoni ananitazama, na kalamu bado ninayo mkononi.