Wiki Mbili Bila Paa

Jumapili, 16 Machi

Paa hakuna. Nimeandika hivyo ndiyo niamini.

Jana saa kumi jioni upepo ulipita hapa Karurumo, upande wetu huu tu, ukichagua nyumba hii na kuruka ile. Redio inasema ni upepo mkali. Upepo mkali! Kilikuwa kimbunga, kilizunguka. Jirani yetu Gachoki alikiona kikiinua choo chake kizima, mlango ukiwa umefungwa. Nyumba tisa zimeenda. Na madarasa matatu ya shule ninakofundisha. Hakuna aliyekufa, Mungu asifiwe.

Yangu imebaki kuta. Ya Mama haina hata kuta — nguzo zimelala chini, mabati yako kwa shamba la kahawa la Gachoki, yamekunjika kama chapati. Kilichosimama ni jiko letu la udongo, lile kuukuu nililotaka kubomoa Disemba. Ndimo tulimolala.

Mama alipatikana chini ya kitanda. Alikaa pale masaa mawili, peke yake. Amekwaruzwa mkono tu.

Na mimi nilikuwa wapi? Runyenjes mjini. Saluni. Nikisukwa nywele.

Jumatatu, 17 Machi

Mama hajala. Hajasema neno tangu Jumamosi. Nimempikia ucuru wa wimbi, ule uji anaoupenda, nikautia maziwa. Ameshika kikombe hadi kikapoa, akanirudishia.

Gichovi amepiga simu kutoka Nairobi. Shemeji yangu ni mtu mzuri, lakini akiongea ni kama anasoma ripoti. Atakuja tarehe thelathini, amchukue Mama akaishi naye moja kwa moja. "Hapo kwenu hakuna maisha tena, Gladys."

Hapo kwenu! Kama si yeye alizaliwa hapa.

Nilimjibu sawa. Ningesema nini? Tangu mume wangu Munene aende, miaka minne, ni mimi na mama yake tu kwa hii boma. Lakini Gichovi ndiye mtoto. Mimi ni mke wa marehemu.

Jumanne, 18 Machi

Lori! Limetoka Meru mjini asubuhi, limejaa mbao, mabati, unga, mchele. Waislamu wenye maduka huko wamechanga, na mafundi wamejitolea. Dereva anaitwa Khalif. Mama yake amekuja naye — Osob, mnene, buibui jeusi, sauti ya mwalimu mkuu — na sufuria mbili ambazo mtu anaweza kuogea ndani. Ataishi kwa katekista mpaka kazi iishe. Amepiga kambi uani kwetu kwa sababu jiko letu ndilo pekee lililosimama.

Kitu cha kwanza alichoniambia: "Hizi kuni ni mbichi. Nani ameleta kuni mbichi?" Ni mimi. Nimeenda kutafuta kavu.

Saa saba watu sitini walikula wali na maharagwe. Kobia, fundi mkuu, mtu wa Nkubu, alirudi kwa sufuria mara tatu, shavu moja bado limejaa majani ya muguka anayotafuna.

Mama hakula.

Alhamisi, 20 Machi

Lazima niandike hii yote.

Siku mbili hizi Mama amekuwa akikaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, anamtazama Osob. Osob anakoroga, anapakua, anafokea wanaume wapange laini. Mama anatazama tu. Leo mchana, nikiosha sahani, nikasikia sauti nyuma yangu. Kwa Kiembu, taratibu kabisa:

"Yule mama hali. Amefiwa na nani?"

Sahani ilinitoka mkononi.

Nikageuka. Alikuwa ananiuliza mimi! Siku tano bila neno, na neno la kwanza ni hilo. Nikamweleza: hajafiwa, ni mwezi wao wa kufunga, hali wala hanywi mpaka jua litue. Hata maji. Mama akafikiri. Akatazama sufuria, moshi, ule mvuke wote unaompiga Osob usoni.

"Anapikia watu sitini na hata haonji chumvi?"

"Haonji."

"Na jioni nani anampikia yeye?"

Sikujua. Aibu! Siku tatu mtu yuko uani kwetu na mimi sijauliza.

Mama akainuka. Akaniondoa mafigani nisiwe njiani mwake, akawasha moto, akapika ucuru mwenyewe. Saa kumi na mbili na nusu wakawa wameketi wawili mlangoni, kikombe kila mmoja, wanatazama magharibi. Mama Kiswahili chake ni cha zamani cha kiwanda cha kahawa, maneno ishirini hivi. Anauliza, "Bado?" Osob anatazama simu. "Bado, ayeeyo." (Ni nyanya kwa Kisomali, Khalif ameniambia.) "Sasa?" "Bado." "Hii jua yenu ni ya wapi?" Osob akacheka mpaka akashika ubavu.

Saa ilipofika, Osob akampa tende kwanza. Mama akatafuna, akachunguza kokwa, akaniuliza kama inaweza kumea Karurumo. Halafu akanywa ucuru. Wote. Akaongeza nusu.

Nilienda nyuma ya jiko nikalia kama mtoto wa Gredi ya Tatu.

Jumamosi, 22 Machi

Shida mpya. Mama sasa hali mpaka Osob ale!

Asubuhi nimempa chai na dawa yake ya presha, akaziweka kando. "Nitakula na mwenzangu." Nimebembeleza. Nimekasirika. Nimemwita Osob.

Osob amechuchumaa mbele yake. "Ayeeyo, wazee na wagonjwa hawafungi. Mungu mwenyewe amewaachilia."

"Mimi si mgonjwa."

"Ni mzee."

"Wewe unaniona mzee?" Na ana themanini na mbili!

Osob akafunga mikono kifuani. "Sawa. Usipokunywa hiyo chai, leo jioni mimi sitaki uji wako."

Kobia aliacha kupiga msumari huko juu ya paa langu ili asikie. Mama akachukua kikombe, akanywa dawa, akanywa chai yote akimwangalia Osob machoni kama anayekunywa sumu. Kisha akasema kwa Kiembu kwamba huyu mama ana kichwa kigumu, angefaa kuolewa hapa kwetu.

Nikatafsiri. Osob akasema amechelewa, ana mabwana wawili tayari kaburini.

Nyumba yangu ina paa! Mabati mapya yanang'aa mpaka yanaumiza macho.

Jumatatu, 24 Machi

Madarasa yamehamia kanisani. Watoto arobaini na wawili kwenye benchi za kwaya. Mmoja akauliza kama upepo utarudi. Nikasema hapana. Nimedanganya, sijui.

Jioni nilianza kufumua nywele. Wiki nzima sijaweza kujitazama kwa kioo. Kila msuko ni dakika tano ambazo Mama alikuwa chini ya kitanda. Nilikuwa nimefumua mitatu, Mama akanishika mkono.

"Unaharibu nini?"

Basi ikatoka. Nikamwambia nilikuwa wapi. Kwamba nilimaliza mapema sokoni, ningekuwa nyumbani saa tisa, lakini nikaona saluni haina watu nikaingia. Kwamba nilikuwa nacheka na msusi wakati huo huo.

Akaachilia mkono wangu. Nikajua ameudhika, na ni haki yake.

"Ungekuwa hapa," akasema, "tungetoshea wote wawili chini ya kile kitanda?"

Kitanda chake ni futi tatu. Nikasema hapana.

"Mimi niliomba Mungu uchelewe."

Akageuza kichwa changu kwenye mwanga wa jiko. Akairudisha ile mitatu, polepole, vidole vyake vimekakamaa kwa baridi yabisi. Imetoka minene na imepinda. Siifumui.

Jumatano, 26 Machi

Mkutano wa kamati, kwa chifu. Nyumba nane zimepata paa au zitapata wiki hii. Imebaki ya Mama. Nguzo zimesimamishwa, kenchi ziko juu, mabati yake yako kwa lori. Mwenyekiti akasoma ujumbe wa Gichovi: msimjengee Mama, anahamia Nairobi, mabati wapewe wengine wanaohitaji.

Si ubaya. Gachoki jikoni kwake kunavuja, na ana wajukuu. Hata yeye alitazama chini, hakutaka kuomba.

Wakaniuliza mimi. Nikasema, "Tumngoje mwenyewe aseme."

Nikaja kumwuliza Mama. "Unataka kuenda kwa Gichovi?" Akasema Gichovi ni mtoto wake. Hiyo ni ndiyo au hapana? Akaendelea kuchambua maharagwe na Osob.

Kamati imempa mpaka Jumapili. Lori linarudi Meru siku hiyo hiyo, watu wawahi Idi.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua usiku. Ya masika kweli. Mabati yangu hayavuji hata tone. Mama alilala kwangu, mgongo kwa mgongo, kama tulivyolala wiki ile Munene alipozikwa.

Jumamosi, 29 Machi

Kobia anaikwepa kamati. Ameenda juu ya nyumba ya Mama "kupima tu", na tayari amegonga mabati mawili upande wa jiko. Nikamwuliza, vipi tena? "Ah, mwalimu, nyundo iliteleza." Iliteleza misumari ishirini na minne!

Osob anaosha sufuria zake kwa mchanga. Nilimsaidia. Tukiwa kwa sufuria ya pili, akaniuliza:

"Umemwambia unataka abaki?"

Nikasema si mahali pangu. Ana mtoto wake wa kumzaa, mwenye nyumba ya mawe na choo cha ndani. Mimi nina mshahara wa mwalimu na jiko la udongo.

"Sikuuliza uko na nini. Nimeuliza umemwambia?"

"Sijamwambia."

"Basi yeye anangoja nini, Gladys? Upepo umwambie?"

Nimekasirika naye mpaka jioni. Wamekula pamoja, mwezi umeangaliwa na haujaonekana, kwa hivyo bado siku moja. Mama amefurahi kama yeye ndiye aliyeongezwa hiyo siku.

Jumapili, 30 Machi

Naandika nimesimama, nyuma ya jiko, daftari kwa ukuta. Siwezi kungoja jioni.

Gichovi amefika saa sita baada ya ibada. Gari zuri, tope mpaka madirishani. Amenikumbatia vizuri, amemshukuru Khalif, amemshukuru Kobia, amefungua mlango wa mbele na kuweka mto kwenye kiti. Ameleta mto! Nilishindwa hata kumchukia.

Mama alikuwa ndani ya jiko akipanga vitu kwenye kiondo. Nikaingia. Kulikuwa na moshi, sikumwona uso vizuri, na hiyo ilinisaidia. Nikasema: "Mama, sitaki uende. Gichovi akikuchukua nitashukuru, lakini sitaki."

Ilitoka kama naomba mkopo kwa mtu mkubwa.

Akafunga kiondo, akanipa nimshikie, akajifunga kitambaa kichwani, akachukua kiondo tena. Akatoka. Nikafuata.

Akampita Gichovi. Alimgusa shavu akipita, lakini akapita. Akaenda mpaka kwa lori, akampa Osob kile kiondo — nduma, ndizi, mfuko wa unga wa wimbi. Zawadi ya Idi. Osob akamshika mikono yote miwili.

Gichovi akaita, "Mama, twende basi, mvua inakuja."

Mama amegeuka. Anatazama juu, si kwa Gichovi. Kobia yuko kwenye kenchi za nyumba yake na bati la tatu mkononi, ameganda, hajui ashuke au akae. Gachoki yuko kwenye ua, kofia mkononi.

"Fundi!" Mama anasema kwa kile Kiswahili chake. "Hiyo ya mwisho imepinda. Toa, weka tena."

Kobia amenitazama mimi. Mimi nimemtazama Gichovi. Gichovi bado ameshika mlango wa gari, wazi, na matone ya kwanza yanaanguka juu ya ule mto.