Watoto wa Duma

Mdogo wangu Naisula,

Mvua imegusa kidogo, mbuzi wamezaa. Juzi niliwakuta watoto wa duma peke yao nyasini. Nikadhani wametupwa, nikawaleta bomani. Asubuhi mama yao akawa anazunguka ua, akilia kama ndege. Shemeji yako Lemeita akanifokea: "We mwanamke! Duma huwaficha watoto akienda kuwinda. Nani kakwambia kawatupa?" Nikawarudisha mbio, mama yao akawachukua.

Naisula, mimi sikujaliwa mtoto. Ulipoenda kazini Maralal, nilimwambia mwanao Sein kwamba umemtupa. Jana nikakiri kuwa nilimdanganya. Akauliza, "Mbona basi mama hakuja kunitafuta?"

Sikuthubutu kumwambia kwamba ulikuja mara mbili, nami nikakwambia amelala.

Njoo. Yuko macho.

Dada yako,
Noldonyo